Mashine za kusaka vitu vya kale mashambani: zipigwe marufuku au mkulima apewe chake?

MLETA MADA, MASINDI
Ndugu zangu, niliyoyaona msimu huu yamenitoa usingizini. Trekta lilipomaliza kulima shamba la mzee mmoja jirani yetu, walikuja vijana wawili kwa pikipiki. Mmoja alibeba ile mashine ya mpini mrefu yenye sahani chini, inayolia ikipita juu ya chuma. Walisema wanapima udongo. Jioni waliondoka na kifuko kimevimba, mzee akaachiwa soda na elfu tano. Kilichobaki ni senti kumi moja ya tundu, ambayo mjukuu wake aliiokota kabla yao: ya mwaka 1912, pembe za ndovu zimezunguka tundu.

Senti ya namna hiyo haimtajirishi mtu. Lakini kwenye kifuko kulikuwa na nini? Hatutajua kamwe.

Mashine siipingi. Ninachopinga ni mkulima kuambulia patupu. Katiba yetu ya Uganda ya 1995, ibara ya 237, inasema ardhi ni ya wananchi. Ibara ya 244 inasema madini ni ya serikali. Vitu vya kale navyo vina sheria yake, ya 1967 na baadaye ya 2023, na huruhusiwi kuvichimba bila kibali. Sasa niambieni, mkulima akigonga mkuki wa zamani kwa jembe, anufaike vipi akisema ukweli? Kwetu anajua njia moja tu: mnunuzi wa vyuma chakavu. Huku Bunyoro vita vya mfalme wetu Kabalega na Waingereza vilipiganwa kuanzia 1893 hadi alipokamatwa 1899. Chuma cha vita vile kinawekwa mizani moja na sufuria iliyotoboka.

Uingereza wana sheria ya hazina ya 1996. Ukiokota dhahabu au fedha ya kale unaripoti ndani ya siku 14, makumbusho ikiitaka inalipa, na kwa kawaida aliyeokota anagawana na mwenye ardhi nusu kwa nusu. Mwaka 2009, kule Staffordshire, mtu mwenye mashine aliingia shamba lililolimwa akatoka na dhahabu iliyothaminiwa pauni milioni 3 na ushee, akagawana na mkulima. Mtu akijua atalipwa, atoroke ya nini? Tuige hapo.

MWALIMU WA HISTORIA, SSEMBABULE
Mleta mada, nakuheshimu, ila umeazima koti la mtu mrefu. Wale ardhi yao imejaa sarafu za tangu Warumi. Sisi babu zetu walifanya biashara kwa kauri, vile vikombe vidogo vya baharini, na kauri hailizi mashine. Nakaa karibu na Ntusi. Watu waliishi pale karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote, wakafuga, wakalima, wakaacha vichuguu vya taka virefu kuliko nyumba yangu. Ndani yake kuna nini? Vigae vya vyungu, mifupa ya ng'ombe, shanga za kioo zilizotoka pwani. Hata kile kichwa cha sanamu cha Luzira, pale Kampala, kilichofukuliwa 1929 na sasa kiko London kwenye makumbusho ya Waingereza, ni udongo wa kuchomwa. Mashine yako ni kiziwi kwa hayo yote.

Na hapo ndipo ubaya ulipo. Kijana anasikia mlio, anachimba, anapasua vigae thelathini na kutupa shanga kando, mwisho anatoa kizibo cha soda. Angekuwa mwizi anayejua anachoiba, ningemuelewa zaidi.

MLETA MADA
Mwalimu, kwenye Ntusi na mahandaki ya kale ya Bigo nakubali, hapo mashine isisogee hata kidogo. Mimi nasema shamba linalolimwa kila msimu. Tabaka la juu limeshavurugwa na trekta, inchi nane au kumi hivi. Kilichomo hakiko tena mahali pake. Mwaka ujao jembe litakikata vipande, na mbolea itakila.

MWALIMU WA HISTORIA, SSEMBABULE
Kimevurugwa juu na chini, lakini hakijahama shamba. Ukikuta mavi ya chuma, yale mabaki ya kuyeyusha chuma, mengi kwenye kona moja, ujue wafua chuma walikaa pale, na chini ya jembe huenda tanuri bado limesimama. Munsa, penye mahandaki mengine ya kale, walikuta tanuri la kuyeyushia chuma walipochimba kwa utaratibu. Kijana wako angekusanya kona ile yote, aweke kwenye kifuko na aondoke na ramani. Halafu huyo kijana, mashine ikilia inchi ya kumi na tano, atasimama kwa heshima ya sheria?

KUTOKA GULU
Mnajadili vyungu, mimi najadili miguu ya watu. Mwaka 2012 serikali ilitangaza kwamba mabomu ya ardhini yaliyojulikana yameondolewa. Lakini maguruneti na makombora ambayo hayakulipuka ni habari nyingine, na kwetu vita vilidumu karibu miaka 20. Mashine haitofautishi senti na guruneti. Zote mlio. Kijana wa mashine akishalipia mafuta ya pikipiki, atachimba tu. Huku tumefundisha watoto: ukiona chuma usichokijua, usikiguse, mwite mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji. Mleta mada sasa unataka tuwafundishe kwamba chuma ni pesa?

MLETA MADA
Hiyo sikuwa nimeifikiria. Nakiri.

MKULIMA, MUBENDE
Wasomi mmeongea, sasa nisikilizeni mimi ninayeshika jembe. Huko Uingereza nusu inaenda kwa mwenye ardhi. Hapa Buganda mwenye ardhi ni nani? Mimi niko kwenye kibanja, yaani nalima ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine. Baba yangu alizaliwa hapa, akafia hapa, kaburi lake liko nyuma ya migomba. Hati ya mailo, ile ya umiliki, iko kwa mtu wa Kampala ambaye sijamwona tangu mazishi ya baba yake. Nikiokota kitu cha thamani leo, kwa sheria yako mleta mada, nusu yachukua mwenye mashine na nusu yachukua mwenye hati. Mimi niliyeumia mgongo nabaki na shimo. Na kwa ndugu yetu wa Gulu ardhi ni ya ukoo: hiyo nusu igawanywe kwa watu mia mbili?

Tena kuna jambo hamjaligusa. Makaburi. Wazee wengine walizikwa na bangili zao. Hakuna jiwe wala msalaba, ni mti tu, na mti ukikatwa hakuna anayejua. Mashine italia pale. Mizimu hamuiogopi, sawa, lakini mtaniambia nini mimi?

MWENYE DUKA, KAMPALA
Na matapeli je? Hapa mjini nishauziwa "dhahabu ya Amin" na "zebaki nyekundu" mara tatu, na mara zote muuzaji alikuwa na mashine. Mashine ni kanzu ya mganga tu.

MLETA MADA
Mzee wa Mubende umenimaliza. Nusu kwa nusu naiondoa mezani, maana hapa kwetu ingezaa kesi kuliko sarafu. Nabadilisha: anayeokota kwa jembe lake au kwa macho yake alipwe kitu maalumu, hata kidogo, siku anayoandikisha kwa LC, awe na hati, awe wa kibanja, awe kibarua. Alipwe kwa kusema kilikuwa wapi, si kwa uzito wake. Mashine zibaki kwa wenye kibali, wakiwa pamoja na watu wa makumbusho.

MKULIMA, MUBENDE
Nani atalipa? Ofisi ya wilaya yetu haina hata mafuta ya pikipiki.

MLETA MADA
Hapo sina jibu. Ila ile senti ya mjukuu bado iko kwenye kikombe kabatini. Jumatatu tunaipeleka wilayani, mimi na mzee. Nitawaletea kama watatuandikia risiti.