Video za stepu kwa anayeanza nyumbani: nimejaribu aina tatu, ipi nibaki nayo?

MamaWawili (Chumbageni)

Habari za jioni wanajamvi. Nina miaka 38, watoto wawili, kazi yangu ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima. Tangu nijifungue wa pili, nikipanda ngazi za ofisini nafika juu nahema. Kutembea hadi Raskazone hapa Tanga nakupenda sana, lakini nikishatoka kazini, nikapika, nikakagua madaftari, giza limeingia. Nikaamua mazoezi yafanyikie sebuleni, na nikachagua erobiki ya stepu, ile ya kupanda na kushuka kibao kwa kufuata muziki.

Wiki ya tatu hii nafuata video za YouTube kwenye TV. Kuna aina tatu nimezijaribu.

Ya kwanza ni zile zinazofundisha kabla ya kuchezesha. Mwalimu anachukua hatua moja, mnairudia polepole, halafu anaiongezea ya pili. Dakika kama 20 hivi. Siku za mwanzo niliona ananichelewesha, maana jasho halikutoka upesi. Lakini siku ya nne nilishtuka miguu inajua yenyewe pa kwenda, hata kabla hajasema.

Ya pili ni zile zilizoandikwa ni za wanaoanza, ila muziki ukianza hausimami mpaka mwisho, nusu saa nzima. Katika hizi nimezielewa zaidi za Jenny Ford wa Marekani, kwa sababu anaitaja hatua kabla haijafika. Wengine wanaitaja wakiwa wameshaifanya, wewe unabaki umesimama katikati ya sebule hujui uende wapi. Jasho hapa linatoka kweli.

Ya tatu haina kibao kabisa, ni kutembea papo hapo. Leslie Sansone ndiye anayejulikana zaidi kwa hizi. Hatua zake kuu ni nne tu: kutembea, kwenda pembeni, teke dogo na kunyanyua goti. Nyepesi kuzifuata, ila baada ya siku tatu nilichoka kwa kurudia.

Moyo wangu uko kwenye ya pili. Shida ni goti la kulia, limeanza kuuma wiki hii, hasa wakati wa kushuka. Kibao sina. Sebule yetu iko chini kidogo ya korido, kwa hiyo kuna kipandio kimoja cha saruji, ndicho ninachopandia. Kuna mwenye uzoefu?

BintiNgamiani

Shoga, mimi pia nilianza na hiyo ya pili nikaachana nayo baada ya siku mbili. Kilichonichanganya ni kulia na kushoto. Mwalimu akikutazama uso kwa uso, wapo wanaosema "kulia" wakimaanisha kulia kwako, wao wananyanyua kushoto kama kioo. Wapo wanaomaanisha kulia kwao. Na wapo wanaokupa mgongo. Ukihama mwalimu kila siku unaanza upya kila siku. Chagua mmoja, mkae naye mwezi mzima.

Mimi nafuata anayekupa mgongo. Naona kama nipo nyuma yake darasani.

KakaMikanjuni

Dada, mimi nasema waziwazi, sioni haja ya kibao. Tanga ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka, hewa ya bahari bure. Tunakimbia kikundi alfajiri, wapo na wamama, hatuachi mtu nyuma. Bando la video unazotazama kila siku lingekununulia raba nzuri.

BintiNgamiani

Kaka, alfajiri ndiyo saa ya uji na sare za shule. Umesikia ratiba yake lakini?

NesiMstaafu (Bombo)

MamaWawili, mwanangu, kabla hatujafika kwenye video, chukua futi ya cherehani upime hicho kipandio chako kisha urudi hapa utuambie. Na uniambie ukishuka unatua mbali au karibu nacho.

MamaWawili

Shikamoo mama. Nimepima sasa hivi, sentimita 19. Nikishuka naona natua mbali kidogo, maana chini kuna mkeka na naogopa kuukanyaga ukingo wake usije ukaniteleza.

NesiMstaafu

Marahaba. Basi goti lako limesema kweli. Vibao vya stepu vya kiwandani vina kimo cha sentimita 10, 15 na 20, na anayeanza huwekwa kwenye 10. Wewe umeanzia karibu na kile cha waliokwisha kuzoea, tena kwa nusu saa bila kupumzika. Kipimo rahisi: ukiweka wayo wote juu ya kibao, goti lisikunjike kupita pembe mraba. Kwa anayeanza likunjike pungufu ya hapo.

Kushuka ndiko kunakoumiza kuliko kupanda, kwa sababu paja linabeba uzito wote huku linarefuka. Ukitua mbali unaongeza kishindo. Shuka karibu na kibao, vidole vitangulie, kisigino kifuate kiguse chini. Wakati wa kupanda ni kinyume chake, wayo mzima uingie juu, kisigino kisining'inie nje. Na ukifika juu usilikaze goti likanyooka kama mti.

Na huo mkeka uondoe leo. Nimewapokea wodini wengi walioteleza majumbani mwao, na wengi walikuwa na mkeka au maji chini.

Pumzisha goti siku tatu nne. Likivimba, au likiuma hata ukiwa umekaa, nenda ukaonwe, usilitibie kwa video. Nyonga ikikaza usiilazimishe. Wenye presha au ujauzito waulize kliniki kabla ya kuanza.

KochaMkwakwani

Nesi amenitangulia kwenye magoti, namshukuru. Niongeze ya muziki, kwa sababu hapo ndipo video nyingi zinapotofautiana, na mtazamaji haoni.

Stepu huchezwa kwa mapigo ya muziki kati ya 118 na 128 kwa dakika. Namba zinaonekana jirani, lakini mguu wa anayeanza unazihisi. Kwa 118 una muda wa kuweka wayo mzima. Kwa 128, kama hujazoea, unapanda kwa vidole tu, na hapo kifundo cha mguu kiko hatarini. Hesabu mwenyewe: tega saa ya simu sekunde 15, hesabu mapigo, zidisha kwa nne. Video yoyote inayokupa zaidi ya 125, iweke kando kwanza hata kama imeandikwa ni ya wanaoanza.

Mwalimu mzuri utamjua kwa mambo mawili. La kwanza, habakishi mguu mmoja ukiongoza zaidi ya dakika moja, anabadilisha. Ukiona kulia kunaongoza tangu mwanzo hadi mwisho, hilo goti la kulia ndilo litakalolalamika. La pili, akinyanyuisha goti lilelile mfululizo, hapitishi mara tano. Na hakuna mwalimu makini atakayekuambia ushuke kwa mbele huku kibao kiko mgongoni.

Historia yake yenyewe inatoka kwenye goti bovu. Mmarekani Gin Miller, mwalimu wa mazoezi, aliumia goti mwishoni mwa miaka ya 1980, akashauriwa alitie nguvu kwa kupanda na kushuka kreti ya maziwa. Mazoezi ya tiba yakaja kuwa mchezo, kampuni ya Reebok ikatengeneza kibao chake, na miaka ya 1990 ukaenea duniani. Kwa hiyo dada, stepu si adui wa goti. Ila msitoke hapa mkapandie kreti za soda, zile ziko juu mno na zinapinduka.

MzeeDuga

Nina miaka 61 na presha. Mimi ni wa aina ya tatu, ile ya kutembea papo hapo, na naitetea. Miezi mitano sasa sijaacha. Sihitaji kukumbuka hatua, nikikosea hakuna wa kugongana naye, na umeme ukikatika naendelea kwa kuhesabu mwenyewe. Daktari aliniambia niende kwa kasi ambayo naweza kuzungumza lakini siwezi kuimba, na ndivyo nifanyavyo.

Kinachowachosha vijana kwa kurudia, sisi kinatutuliza. Mke wangu naye ameingia, tunatembea wote mbele ya TV baada ya swala ya isha.

FundiMakorora

Nimesoma tangu juu. Mimi seremala, hivi vibao nimetengeneza vinne mwaka huu, kwa hiyo niseme ninachokijua.

Dada, mwambie fundi wako hivi. Urefu sentimita 105, upana 40. Fremu ya mbao za inchi mbili kwa tatu, zisimame kwa ubavu mrefu. Hapo una sentimita 7 na nusu. Juu plaiwudi ya milimita 18, jumla inapita 9 kidogo. Ukibandika mpira juu na chini unafika 10 anayoisema nesi. Asikubali kuweka fremu ya pembeni pekee, aweke vikatizo ndani kila sentimita 30, la sivyo plaiwudi itabonyea katikati ambapo ndipo unapokanyaga zaidi. Skrubu na gundi, si misumari. Misumari inatoka polepole kwa kishindo, na siku itakapotokeza kichwa hutaiona mpaka imekuchana.

Mpira mzuri ni wa tyubu la lori, ukatwe, ubandikwe. Tyubu la baiskeli hapa Tanga lipo kila kona, lakini ni jembamba, linaviringika. Kwenye sakafu ya marumaru mpira wa chini ni lazima, bila huo kibao kinakimbia kama sabuni.

Pembe zote zipigwe msasa ziwe duara. Watoto watakipandia tu, huwezi kuwazuia.

Baadaye ukitaka 15, usinunue kipya. Fundi anakutengenezea fremu ya kuongeza chini, unafunga kwa bolti.

BintiNgamiani

Fundi, ya kwangu ya plastiki niliagizia Dar. Nyepesi, naisimamisha nyuma ya mlango. Ila nikiwa katikati inatoa sauti, nimekuwa naiogopa. Naona nitakuja Makorora.

KakaMikanjuni

Nimesoma maneno ya nesi, nikajipima mwenyewe kwenye ngazi ninazorukia mazoezini pale uwanjani. Nimekuwa natua kwa kisigino miaka yote. Asante mama.

Kuhusu bando, nirekebishe nilichosema. Video ishushwe ubora hadi 360, bado miguu ya mwalimu inaonekana vizuri, na ukiipakua mara moja kwenye simu unairudia bila gharama. Kwa kuwa anatakiwa kurudia video ileile mwezi mzima, gharama si kubwa kama nilivyodhani.

KochaMkwakwani

Hapo umesema la maana. Kurudia ndiko kunakofanya moyo upate kazi. Akili ikiacha kuhangaika na hatua, mwili unaweza kuongeza nguvu.

Dada, na Kiingereza kisikusumbue. Hatua za mwanzo ni chache, zipe majina yako. Kulia juu, kushoto juu, kulia chini, kushoto chini, hiyo ndiyo msingi, mapigo manne. Ukipanda umetanua miguu kwenye pembe mbili za kibao na ukashuka umeibana, hiyo ni herufi V. Kupanda na kunyanyua goti. Kupanda na kugusa kwa ncha ya mguu. Kuvuka kibao kwenda upande wa pili, hii subiri, na kwa kipandio chako cha saruji isingewezekana hata hivyo. Muziki umepangwa kwa vifungu vya mapigo 32, kwa hiyo ukipotea, tembea papo hapo, kifungu kipya kitakukuta.

MamaWawili

Nimerudi baada ya wiki mbili na siku kadhaa.

Goti nililipumzisha siku tano, nikatembea na video za mzee wa Duga siku mbili za mwisho, halikuvimba. Kibao nimechonga kwa vipimo vya fundi. Nimepima kimefika sentimita 10 na milimita chache. Mkeka nimeuhamishia chumbani.

Video nimerudi ya aina ya kwanza, ile niliyoiona ya kunichelewesha. Sababu ni kibao chenyewe. Kipandio cha korido kina upande mmoja, miguu ilikuwa na njia moja tu. Kibao kina pande nne, na siku ya kwanza nilikigonga kwa kidole gumba mara mbili. Nilihitaji mtu wa kunifundisha tena taratibu. Nilihesabu mapigo kama alivyosema kocha, nikapata 120. Ile ya nusu saa niliyokuwa naipenda, nikahesabu mara tatu nisiamini: 130.

Nafanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, dakika 25, feni ikiwa nyuma yangu na chupa ya maji mezani, maana kwa joto hili la kaskazi sebule inakuwa tanuri. Jumamosi natembea Raskazone na watoto. Bado sijafika dakika 150 za wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja, ila nazikaribia.

Goti haliumi nikishuka. Jana nimepanda ngazi za ofisini nikiwa naongea na simu.

NesiMstaafu

Alhamdulillahi. Mwezi huu baki hapohapo kwenye 10. Usimruhusu mtu akuharakishe kwenda 15.

MamaWawili

Nimekusikia mama. Ila binti yangu wa darasa la nne naye anataka kupanda pamoja nami, na kibao ni kimoja. Fundi, cha mtoto kiwe na kimo gani?

FundiMakorora

Mwache achezee chini, kwenye sakafu, afuate hatua zilezile bila kibao. Akishazijua mlete, nitampima mwenyewe goti lake hapa kiwandani.