Nimeizuia Googlebot kwenye kalenda, bado inaingia. Nakosea wapi?

redio_kongwe

Wakuu, heshima kwenu.

Nina tovuti ndogo ya michoro ya saketi na miongozo ya kutengeneza redio za zamani, zile za valvu na za transista za mwanzo mwanzo. Kurasa zenyewe ni kama 2,400. Najua idadi kwa sababu nyingi nimeziskani mwenyewe, moja moja, usiku baada ya kazi. Seva ni ya kukodi, ya daraja la chini kabisa, na kwa miaka minne haijawahi kunisumbua.

Wiki mbili sasa, ikifika usiku wa manane inazimia. Nikafungua logi, yaani kumbukumbu ya maombi ya seva: maombi 38,000 kwa siku moja, yote yana jina la Googlebot, kitambazi cha Google kinachozunguka kusoma kurasa. Tovuti ya kurasa 2,400! Nikafuatilia huko inakokwenda, nikakuta ni kwenye kalenda. Mwaka jana niliweka kalenda ya mikutano yetu wapenzi wa redio, ina kiungo cha "mwezi ujao", na kila siku ya mwezi ina ukurasa wake. Basi kitambazi kimekuwa kikifuata mwezi ujao, mwezi ujao, na nilipokikuta kilikuwa Agosti 2317. Hatuna mkutano Agosti 2317. Hata ukumbi hatujatafuta.

Robots.txt yangu, lile faili la kuviambia vitambazi visiingie wapi, ndiyo hii:

User-agent: *
Disallow: /kalenda/
Disallow: /tafuta

User-agent: Googlebot
Crawl-delay: 10
Disallow: /rasimu/

Yananichanganya mambo mawili. Kalenda nimeikataza waziwazi, mstari wa pili pale juu, na siku tano zimepita. Halafu folda ya rasimu nayo nimeikataza, lakini nikitafuta jina la tovuti yangu naona anwani tatu za rasimu kwenye matokeo ya Google, hazina maelezo yoyote chini yake, zimekaa tu kama zimesahauliwa. Je, hawa jamaa wanalisoma kweli hili faili au tunajiandikia wenyewe?

nusu_usingizi

Mkuu, unajitesa. Weka jibu la 403 (hapaingiliki) kwa kila kinachojiita Googlebot, ulale. Kukikucha unaondoa.

mlinzi_wa_logi

@redio_kongwe faili lako linasomwa, tena neno kwa neno. Shida ni kwamba halisemi unachodhani linasema.

Wengi huisoma robots.txt kama tangazo la ukutani: mistari ya nyota (User-agent: *) inawahusu wote, kisha chini yake fulani anaongezewa masharti. Haiko hivyo. Kila kitambazi kinatafuta kundi lenye jina lake. Kikilipata, kinafuata hilo peke yake, na la nyota hakiligusi tena. Kundi la nyota ni la wale ambao hawakutajwa kokote. Kwa hiyo siku ile ulipoandika User-agent: Googlebot, uliitoa Googlebot kwenye katazo la kalenda kwa mkono wako. Naweka dau Bingbot, kitambazi cha Bing, haikanyagi kalenda hata kidogo, maana hiyo hukuitaja. Kaangalie logi uniambie.

Na ukaipa nini badala yake? Crawl-delay, yaani ombi la kupumzika kidogo kati ya ukurasa na ukurasa. Huo mstari haumo kwenye RFC 9309, kiwango rasmi cha robots.txt kilichotoka mwaka 2022, baada ya watu kuishi na makubaliano yasiyo rasmi tangu 1994. Bing wanaufuata. Google hawaufuati. Zamani kulikuwa na sehemu ya kupunguza kasi yao ndani ya Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, nayo waliifunga Januari 2024. Yaani umeondoa kufuli la kweli ukabandika karatasi ambayo mgeni wako haisomi.

Dawa: futa kundi la Googlebot lote. Mstari wa rasimu usiuhamishe popote, nakuja kwake. Ukishafuta, usianze kuchungulia logi kila dakika kumi. Google hukaa na nakala ya robots.txt kwa muda wa hadi saa 24.

Sasa rasimu. Disallow maana yake "usiingie". Haina maana ya "usinitaje". Kama kuna ukurasa wowote, wako au wa mtu mwingine, wenye kiungo cha kwenda kwenye rasimu ile, Google inaijua anwani hata kama haijafungua. Inaweza kuionyesha hivyohivyo, tupu, kwa sababu haikuruhusiwa kuona kilichomo. Ndicho unachokiona.

Ukitaka ukurasa usionekane kwenye matokeo, unaweka noindex: ndani ya ukurasa wenyewe, au kwenye vichwa vya majibu ya seva kwa X-Robots-Tag kama ni PDF (na wewe wa kuskani lazima unazo PDF). Ila noindex husomwa na aliyeingia. Ukiweka noindex ndani na Disallow nje, umemfungia mlango yule unayetaka asome ilani iliyo chumbani. Nimewahi kukaa miezi mitatu na kosa hilihili, kila wiki naongeza Disallow nyingine nikidhani dozi ni ndogo.

Kuandika noindex ndani ya robots.txt, kama utakavyokuta kwenye mafunzo ya zamani, Google waliacha kuikubali Septemba 2019.

Tena rasimu ni za nini hasa? Kama hutaki watu wazione, weka nenosiri. Robots.txt inasomeka na kila mtu. Kuandika /rasimu/ mle ni kutangaza zilipo.

@nusu_usingizi hapana. 403 haimaanishi "punguza mwendo", inamaanisha ukurasa haupatikani, na kurasa nzuri zitaanza kuondolewa kwenye faharasa ya Google. Na ikitokea robots.txt yenyewe imejibu 403, Google inaichukulia kama faili halipo, maana yake kila mahali ruksa. Kama seva inakufa usiku huu, toa 503 au 429 (nimezidiwa, rudi baadaye) kwa saa chache. Ikizidi siku mbili hivi, na zenyewe zinaanza kukugharimu kurasa.

nusu_usingizi

Nimekubali. Ndiyo maana najiita hivi.

kamba_na_nanga

Jamani mbona hamjauliza kama ni Googlebot kweli? Jina linaloandikwa kwenye logi hata mimi naweza kujiita. Chukua anwani ya IP uiulize jina lake:

host 66.249.66.1

Itarudisha crawl-66-249-66-1.googlebot.com. Kisha geuza, uliza jina hilo lina IP gani. Lazima urudi palepale ulipoanzia. Usiishie hatua ya kwanza, kwa sababu mwenye IP ndiye anayeipangia jina na anaweza kuandika googlebot.com bila aibu. Ya Bing huishia search.msn.com. Wale wa uongo hawasomi robots.txt, kwa hiyo kwao Disallow haifanyi kitu, unawafungia kwenye seva.

Na kwa kuwa tumezungumzia makundi: ukiamua siku moja kuwazuia wakusanyaji wa data za akili bandia, GPTBot au CCBot, wakatazie njia yote kwa Disallow: / na umalize. Ukiwapa kundi lao lenye masharti nusunusu utarudi kwenye shimo lilelile, itabidi unakili na makatazo ya nyota ndani yake. Google-Extended usiitafute kwenye logi, hutaiona. Ni jina la kuandika kwenye robots.txt tu, la kuikataza Google isitumie kurasa zako kufunza akili bandia; anayekuja kuchukua kurasa ni vitambazi vilevile vya kawaida vya Google.

redio_kongwe

Nimerudi, na nimekuja na namba.

Kwanza @mlinzi_wa_logi umeshinda dau. Bingbot kwenye kalenda: sifuri. Inakuja, inasoma robots.txt, inaenda zake kwenye michoro ya saketi kama mgeni mstaarabu. Nilikuwa nimeitendea vizuri ile niliyoisahau.

Pili, @kamba_na_nanga, katika yale 38,000 kulikuwa na 6,100 ambayo IP zake hazina undugu wowote na Google. Zilikuwa zinanakili PDF zangu moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wa alfabeti. Nimezifungia. Zilizobaki ni Googlebot halali kabisa, ikifanya nilichoiruhusu.

Kundi la Googlebot nimelifuta juzi jioni. Jana hadi saa saba mchana ilikuwa bado inapiga kalenda (Novemba 2318, kwa wanaofuatilia safari yake), kisha ikakatika kama redio iliyochomolewa umeme. Tangu hapo hadi leo asubuhi jumla ni maombi 410, karibu yote kwenye kurasa za kweli. Kuna ukurasa mmoja wa mchoro wa kikuza sauti niliourekebisha mwezi uliopita, ndiyo kwanza umetembelewa. Inaonekana ilikuwa haina muda nao, ina mikutano ya karne nyingine.

Rasimu nimezitia nenosiri.

Kalenda nimeirekebisha pia, kiungo cha "mwezi ujao" kinaishia miezi 12 mbele, zaidi ya hapo ni 404 (ukurasa haupo). Swali la mwisho: Disallow ya kalenda niiache?

mlinzi_wa_logi

Ikibaki, Google haitaziona hizo 404, kwa hiyo kurasa za 2317 zilizokwisha kuingia kwenye faharasa zinaweza kukaa huko muda mrefu. Kalenda sasa ina mwisho: miezi 12 na siku zake haifiki hata kurasa 400. Ningeifungua. Utaona purukushani siku za mwanzo ikizipitia zile za zamani na kuambiwa hazipo, kisha itapungua. Anza siku ambayo unaweza kukaa karibu na logi.

Unataka mikutano yenu ionekane kwenye utafutaji au hutaki?

redio_kongwe

Nataka. Mkutano uliopita tulikuwa watu wanne, na mmoja alikuja akidhani ni duka la betri. Naifungua Jumamosi.