Donge haliumuki kwenye baridi: nijipange vipi kwa chakula cha sikukuu?

BintiJikoni anauliza:

Habari zenu wapishi. Sikukuu za majira ya baridi zinakaribia, na safari hii familia inakuja kula kwangu. Tutakuwa wanane mezani, chakula saa saba mchana, na nimeshaahidi vitu vitatu: kuku mzima wa kuoka, mikate midogo ya maziwa ikiwa moto moto, na keki ya matunda. Oveni ninayo moja.

Kinachoninyima usingizi ni mikate. Asubuhi jiko langu lina nyuzi joto 15. Mapishi yanasema donge liachwe liumuke kwa muda wa saa moja, lakini saa moja inapita na donge liko vile vile, saa ya pili bado, na nikilioka hivyo mkate unatoka mzito, umebanana katikati. Hamira ni mpya. Vipimo ni vile vile ninavyotumia wakati wa joto, na wakati huo mkate hutoka mzuri kabisa.

Je, niongeze hamira? Niamke usiku wa manane nianze kukanda? Na kati ya hivyo vitatu, kipi naweza kukimaliza mapema ili siku yenyewe nipate kukaa na watu wangu? Naombeni maelezo ya kina.

MamaUnga anajibu:

Mwanangu, hamira usiongeze na usiku usiamke. Hamira ikizidi mkate unanuka hamira, na utamu wa maziwa na siagi unapotea chini ya harufu hiyo. Hamira yako haina kosa lolote. Inafanya kazi kwa joto inalopewa.

Hamira ni kiumbe hai. Kwenye donge lenye nyuzi joto 24 hadi 27 inachangamka na mkate unapata ladha nzuri. Kwenye 15 haijafa, inajikokota tu. Kwenye friji, nyuzi 4 hivi, inakaribia kulala. Ukiipandisha mpaka 55 na kuendelea, hapo inaanza kufa na hairudi. Kwa hiyo kitu cha kupima ni joto la donge lenyewe, kabla hujahangaika na joto la chumba. Unga uliokaa kabatini kwenye jiko lako nao una nyuzi 15. Ukiumiminia maziwa vuguvugu, unga unayapoza papo hapo, na bakuli linamalizia kazi. Wewe unadhani donge lina joto, kumbe ni baridi tangu dakika ya kwanza.

Waokaji wana hesabu moja rahisi. Chukua joto unalolitaka kwenye donge, sema 26, zidisha mara tatu, unapata 78. Toa joto la jiko na joto la unga: 78 kutoa 15 kutoa 15, inabaki 48. Hilo ndilo joto la maziwa au maji ya kukandia. Changanya kwanza na unga, halafu ndipo unyunyize hamira ya chengachenga, isikutane na maziwa hayo ana kwa ana. Ukikanda kwa mashine punguza nyuzi chache, kwa sababu msuguano wa mashine nao unapasha donge. Kipimajoto kidogo cha kuchomeka ndani ya chakula kinakutosha, na utakitumia tena kwa kuku.

Jambo la pili ni utamu. Sukari inavuta maji na kuinyima hamira, na siagi nayo inailemea. Ndiyo maana donge la mikate ya maziwa ni zito kuumuka kuliko la mkate wa kawaida hata jiko likiwa na joto. Usivuke gramu 50 za sukari kwa nusu kilo ya unga, na siagi iingie mwisho, donge likishashikana.

Mimi mikate ya sikukuu nawekea uji, na sitaacha. Kati ya gramu 500 za unga natoa gramu 30, nazikoroga na mililita 150 za maziwa kwenye sufuria ndogo, moto mdogo, mwiko hautoki mkononi. Mwanzoni huoni kitu. Halafu ghafla, kwenye nyuzi 65 hivi, uji unashika, na ukipitisha mwiko unaona mstari wa chini ya sufuria kabla haujafunika tena. Hapo toa. Wanga uliopikwa hivyo umeshakunywa maji mengi na unayashikilia, ndiyo maana mkate unabaki laini hata kesho yake. Uache upoe uwe wa vuguvugu, kisha uchanganye na unga uliobaki, maziwa mililita 120, yai moja, sukari gramu 50, chumvi gramu 9, hamira gramu 7, na mwishoni siagi laini gramu 60. Uji wa vuguvugu unalipasha donge lenyewe, kwa hiyo maziwa yaliyobaki nayo yawe vuguvugu tu, ile hesabu ya 48 hutaihitaji. Ukimaliza kukanda choma kipimajoto katikati, ukiona 25 au 26 uko salama.

Litanata mwanzoni. Usiongeze unga! Endelea kukanda dakika kumi hadi kumi na tano. Utalihisi linabadilika chini ya kiganja, linaacha kushika vidole na linaanza kuvutika. Kata kipande, kinyooshe taratibu: kikiwa chembamba mpaka mwanga unapita bila kuchanika, limeiva kukandwa.

Kwa kuumuka mara ya kwanza, liweke ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake ikiwaka, na chini yake bakuli la maji ya moto. Funika bakuli la donge kwa mfuniko au kitambaa kibichi, maana hewa ya nyumba iliyopashwa kwa hita ni kavu na inalitia ganda juu. Ganda hilo linazuia donge kupanda. Usitazame saa, litazame donge lijae mara mbili.

Sasa hapa ndipo baridi inakufanyia kazi wewe. Jioni ya kabla ya sikukuu, donge likishaumuka, lipapase litoe hewa, ligawe vipande 15 vya gramu 60 hivi, viringa, panga kwenye bati lililopakwa siagi, funika vizuri, weka kwenye friji. Lala. Usiku kucha mikate inaendelea polepole sana, na ladha inaongezeka. Asubuhi unaitoa tu.

MzeeTanuri anajibu:

Naunga mkono kuhusu friji, ila kuna njia nyepesi zaidi kwa mwenye jiko baridi. Punguza hamira mpaka nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya unga, kanda usiku, liache donge mezani limefunikwa, lala. Kwenye nyuzi 15 asubuhi unalikuta limejaa mapovu. Huhitaji friji wala taa ya oveni. Mimi mkate wa kila siku nauoka hivyo majira yote ya baridi, na ganda lake linapasuka vizuri mno.

MamaUnga anajibu:

Mzee wangu, shikamoo. Kwa mkate wa unga, maji, chumvi na hamira, nakubaliana na wewe moja kwa moja, na ningemshauri kila mtu aujaribu. Lakini donge la binti yetu lina maziwa na yai. Hilo silikeshi mezani hata jiko likiwa baridi kiasi gani, kwa sababu nyuzi 15 ni baridi kwa hamira lakini si baridi ya kutosha kwa vijidudu vya maziwa na mayai. Lenye maziwa na yai likeshe kwenye friji.

ShangaziZabibu anajibu:

Niachieni keki. Hiyo imalize kwanza kabisa, mpenzi, kwa sababu keki ya matunda hupendeza zaidi ikikaa. Ikitoka tu kwenye oveni inakatika ovyo na kila tunda lina ladha yake. Ikipumzika, unyevu wa matunda unaenea kwenye keki nzima na kisu kinapita bila kubomoa.

Loweka zabibu kavu na matunda mengine makavu usiku kucha kwenye juisi ya machungwa au chai ya rangi. Matunda yakiingia makavu yananyonya maji ya keki wakati inaiva, halafu watu wanasema keki imekauka kwa moto. Asubuhi yachuje vizuri.

Kwenye baridi shida kubwa ya keki ni siagi na mayai. Siagi inachapika vizuri na sukari ikiwa na nyuzi 18 hadi 20, yaani kidole kinaingia bila nguvu lakini haing'ai mafuta. Ikiwa ngumu haishiki hewa, hata uchape mpaka mkono uchoke. Kwa jiko la 15 ikate vipande vidogo, iweke karibu na kitu chenye joto, usiiyeyushe. Mayai yakiwa bado na maganda yaweke kwenye bakuli la maji ya vuguvugu dakika tano hadi kumi. Yai baridi likigusa siagi iliyochapwa, mchanganyiko unakatika, unaona chembechembe na maji pembeni. Ukiona dalili hiyo weka kijiko cha unga, koroga, endelea na yai linalofuata.

Bati la sentimita 20 livishe karatasi ya kuokea tabaka mbili ndani, na nje lizungushie karatasi nene, lifunge kwa uzi. Oka kwa nyuzi 150, muda wa saa mbili na nusu hivi. Keki nzito kama hii ikipewa moto mkali inaungua pembeni kabla katikati haijaiva. Ichome kijiti katikati kabisa, kitoke bila unga mbichi. Iache ipoe ndani ya bati.

Ukiwa hutumii pombe, usiiache kabatini wiki nyingi. Ifunge karatasi ya kuokea, juu yake karatasi ya alumini, iweke kwenye friza, halafu itoe siku mbili kabla ya sikukuu ikiwa imefungwa hivyo hivyo. Usiifungue ikiwa ya baridi, maana unyevu wa hewa utatua juu ya keki badala ya kutua juu ya karatasi.

BintiJikoni anajibu:

Asanteni sana, shangazi, mzee, na mama yangu. Keki nimeielewa na nitaanza nayo wikiendi hii. Bado saa za siku yenyewe. Kuku ana kilo mbili na nusu, amegandishwa, na oveni ni ile ile moja. Nimtangulize nani?

MamaUnga anajibu:

Tangulia na kuku, na uzuri ni kwamba kuku na mikate vinaiva kwa moto ule ule wa nyuzi 190, kwa hiyo hutagusa kitufe.

Kuku aingie friji siku mbili kabla, ndani ya bakuli ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Kilo mbili na nusu zinahitaji kama saa 24 kuyeyuka ndani ya friji, na hiyo siku ya ziada ni akiba yako. Usimwache ayeyuke mezani, na usimwoshe kwenye sinki: maji yanarusha vijidudu kwenye vyombo, na moto wa oveni unaviua wenyewe. Mpanguse kwa karatasi mpaka ngozi iwe kavu, mpake chumvi usiku, mrudishe friji bila kumfunika, rafu ya chini kabisa, mbali na mikate. Ngozi kavu ndiyo inayokuwa ya kahawia na yenye kukatika kwa mlio.

Saa nne asubuhi kuku anaingia oveni, na dakika hiyo hiyo mikate inatoka friji. Iweke karibu na oveni, si juu yake. Joto la oveni litapasha kona hiyo ya jiko, na kwa muda wa saa mbili na kidogo mikate itakuwa imeamka. Ibonyeze mmoja ubavuni kwa kidole chenye unga: shimo likirudi haraka, bado; likirudi polepole na kubakisha alama, iko tayari. Ukiona kufikia saa tano na nusu haijasogea, weka bakuli la maji ya moto kando ya bati na uvifunike vyote kwa kitambaa kimoja.

Kuku mpime kuanzia saa sita kasoro, kwenye sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, kisha kifuani. Ukisoma 74 pote, ameiva. Saa haina neno hapa, maana kila oveni ina tabia yake. Nakadiria atatoka saa sita na robo. Mfunike kwa karatasi ya alumini na umwache apumzike. Ukimkata papo hapo mchuzi wote unamwagikia ubaoni, akitulia unarudi kwenye nyama.

Wakati huo pakaza mikate yai lililopigwa na maziwa kidogo. Saa sita na nusu iingie, dakika 18 hadi 20. Ikitoka ipake siagi juu ingali moto, utaisikia inanyonya. Hapo ni saa saba kasoro dakika kumi. Mkate na kuku vinafika mezani pamoja.

BintiJikoni anajibu:

Mama, ikibaki mikate niiweke friji?

MamaUnga anajibu:

Hapana, friji inaufanya mkate uchakae haraka kuliko meza. Ya kuliwa kesho ifunge kwenye mfuko mezani, iliyobaki weka friza siku hiyo hiyo ikishapoa, kisha ipashe oveni kwa nyuzi 160 dakika kumi, imefunikwa karatasi ya alumini. Kuku aliyebaki mtoe kwenye mifupa, aingie friji kabla ya saa mbili kupita tangu alipotoka kwenye oveni, na mmalize ndani ya siku tatu. Mifupa chemsha, ni supu ya siku inayofuata.