Usiku 9 visiwa vya Ugiriki mwezi wa 9: ratiba hii inawezekana?

Mtoni_Kwa_Aziz
Wakuu habari zenu. Tunaondoka Dar wawili katikati ya mwezi wa 9, viza tayari. Nimepanga Mykonos, Paros, Naxos, Santorini na Krete, usiku mmoja au miwili kila kisiwa, kisha ndege ya kurudi kutoka Athens. Tunapenda kuogelea, kutembea kwa miguu na magofu ya kale. Disko hapana. Ratiba inabeba? Kipi tusikikose? Na mwenzangu hali nguruwe.

Jahazi
Mkuu, visiwa vitano kwa usiku 9 utaishia kuziona bandari tu. Kila kuhama kunakula nusu siku: hoteli wanataka utoke saa tano asubuhi, meli inafika saa nane ikiwahi, halafu basi, halafu kusubiri chumba kingine. Krete itoe, ina urefu wa kilomita 260 hivi na peke yake inataka wiki nzima. Lala usiku 1 Piraeus (bandari ya Athens), 4 Naxos, 3 Santorini, na wa mwisho Athens.

Huo wa mwisho usiukate hata ukishawishiwa. Upepo wa kaskazini wa huko, wenyewe wanauita meltemi, unavuma kwa nguvu Julai na Agosti. Septemba unapungua lakini haujaisha. Ukizidi, walinzi wa pwani wanazuia vyombo kutoka, na boti za kasi ndizo za kwanza kubaki bandarini. Meli kubwa ya kawaida inachukua saa tano na ushee Piraeus hadi Naxos, ila inavumilia mawimbi, nauli yake nafuu na unakaa nje kwenye sitaha. Kama boti ya Zanzibar inakuchafua moyo wakati wa kusi, panda hiyo kubwa.

Begi lina adabu zake. Chini kwenye magari kuna rafu zenye majina ya visiwa, weka la kwako kwenye rafu ya unakoshuka. Meli ikikaribia, teremkeni mapema mkasimame na begi mkononi. Mlango wa nyuma unashushwa kama wa pantoni ya Kigamboni, wanatoka hawa, wanaingia wale, dakika chache imeondoka. Begi likiwa rafu ya Santorini na wewe unashukia Naxos, utalitafuta huku magari yanakupigia honi.

Tiketi ikiandikwa 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi kwa hesabu yetu. Mwezi wa 9 saa za Ugiriki ni sawa na za Dar, kwa hiyo saa ya mkononi iacheni kama ilivyo.

Ngazi588
Naunga mkono Jahazi. Naxos mtaona Portara kabla hamjashuka melini: mlango wa marumaru wa hekalu la Apollo lililoanzwa karne ya 6 KK na halikumalizika, umesimama peke yake pembeni ya bandari. Kwa miguu ni dakika 10, nendeni jioni. Fukwe za kuogelea ni Agios Prokopios, Agia Anna na Plaka, zimefuatana na basi linatoka bandarini. Siku moja kodini gari mpande milimani: Halki, Apeiranthos ambako vichochoro vimesakafiwa marumaru, na Apollonas, ambako sanamu ya mita 10 na zaidi imelala chali kwenye machimbo yake tangu zamani za kale, haijamaliziwa.

Santorini, kitu cha kwanza ni njia ya miguu kutoka Fira, mji mkuu wa kisiwa, hadi kijiji cha Oia, kilomita 10 hivi juu ya ukingo wa kaldera (shimo kubwa la volkano lililojaa bahari), saa tatu mpaka tano. Anzeni saa moja asubuhi. Kivuli hakuna, na baada ya kijiji cha Imerovigli kuna vipande vya changarawe ya volkano inayoteleza, kwa hiyo ndala hapana. Maji lita 2 kila mtu. Rudini kwa basi.

Machweo ya Oia yanasifiwa kupita kiasi (samahani kwa wapenzi wa picha). Jua linazama mnamo saa moja na robo au na nusu, na umati wote unakimbilia basi kwa wakati mmoja. Imerovigli jua ni lilelile na pa kukaa papo.

Akrotiri msiikose: mji uliofukiwa na majivu ya volkano zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, nyumba za ghorofa na mifereji ya maji machafu chini ya barabara. Uchimbaji ulianza 1967. Eneo lote limeezekwa, hivyo jua la mchana halisumbui. Michoro ya ukutani imehamishiwa makumbusho ya Fira na Athens, msiitafute pale.

Mama_Kisutu
Kuhusu nguruwe, gyros (nyama inayochomwa ikizungushwa na kukatwa vipande) na souvlaki (mishkaki ya huko) zisipotajwa nyama gani, mara nyingi ni nguruwe. Neno la kukwepa ni hirino, la kuomba ni kotopoulo, yaani kuku. Vibonge vya nyama ya kusaga muulizie kila mara, huchanganywa. Fava ya Santorini haina shida, ni kama dengu iliyopondwa na kutiwa mafuta ya zeituni na kitunguu. Samaki huuzwa kwa kilo: apimwe mbele yenu na bei itajwe kabla hajaingia jikoni.

Bahari ya huko kupwa na kujaa hakuonekani, hamna haja ya kuvizia maji kama Coco. Ila ni baridi kidogo kuliko yetu, nyuzi 23 au 24. Bebeni viatu vya mpira: kwenye miamba kuna wale viumbe wa baharini wenye miiba, na mchanga mweusi wa ufukwe wa Perissa, Santorini, unaunguza nyayo mchana. Chooni karatasi inatupwa kwenye ndoo, mabomba yao ni membamba yanaziba.

Mtoni_Kwa_Aziz
Asanteni sana. Krete, Mykonos na Paros nimezifuta. Hilo gari la Naxos, leseni yetu inatosha?

Jahazi
Haitoshi, chukua na leseni ya kimataifa kabla hujaondoka Dar. Wanaendesha kulia, na milimani kona ni kali na mbuzi wamelala barabarani. Chukua gari dogo. Zile pikipiki za magurudumu manne waachie wengine, zinapinduka kwenye kona hizohizo.