Mohamed Amin kabla na baada ya Korem

Mwanafunzi wa uandishi wa habari:
Shikamooni wakubwa. Ninaandaa makala kuhusu Mohamed Amin, mpigapicha wa Nairobi aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Karibu kila ninachosoma huanzia Korem, mji wa Ethiopia alikorekodi njaa hiyo, na kuishia Korem. Naomba kuelezwa alipitia wapi hadi akaaminiwa na mashirika ya habari ya Ulaya.

Mpigapicha mstaafu:
Marahaba. Aliaminiwa kwa sababu habari ilipotokea, yeye alikuwa karibu. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanzisha Camerapix, kampuni yake ya picha za habari, mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi. Mapinduzi ya Zanzibar yalipozuka Januari 1964, bahari tu ndiyo iliyomtenganisha na habari kubwa kuliko zote za pwani yetu, naye akaifuata. Miaka miwili baadaye alifungwa gerezani huko huko Visiwani kwa karibu mwezi mzima. Tom Mboya, waziri wa Kenya, alipopigwa risasi Nairobi Julai 1969, alifika upesi, na picha alizorekodi zilimpa heshima kubwa nje ya nchi.

Hata hivyo, usiipite Korem haraka. Itazame tena picha ile ya alfajiri: watu wamejifunika mashuka, baridi na ukungu vimetanda uwandani, na kamera inapita juu yao polepole, bila papara. Maneno yalikuwa ya Michael Buerk wa BBC, lakini utulivu ule ni wa Amin, na kwa maoni yangu ndio uliowafanya watazamaji washindwe kugeuza macho. Taarifa ilirushwa tarehe 23 Oktoba 1984, kisha ikaonyeshwa na vituo vya televisheni zaidi ya 400.

Fundi sauti:
Ndugu mwanafunzi, nakusihi umpe nafasi John Mathai, aliyekuwa akirekodi sauti pamoja na Amin. Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa wakiwa kazini; Mathai akafariki, Amin akapoteza mkono wa kushoto. Amin alirudi kazini na mkono wa bandia. Sisi wa sauti majina yetu husahauliwa mapema, ilhali kombora halichagui nani ameshika kamera.

Mwanafunzi wa uandishi wa habari:
Ahsanteni sana; Mathai nitamwandikia aya yake. Je, mauti yalimkuta Amin akiwa kazini?

Mpigapicha mstaafu:
Alikuwa safarini kurudi nyumbani. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na ufuko wa Ngazija, kisiwa cha Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walifariki. Abiria walionusurika walisimulia kwamba Amin alikuwa amesimama, akijaribu kuzungumza na watekaji. Mtalii mmoja aliyekuwa ufukoni aliirekodi ndege ile kwa kamera yake ya video ikigusa maji na kuvunjika.