Mabaki ya jikoni: niyamwage ndani ya uwanja wa kuku au nijenge rundo la mboji nje?

Mfugaji_Buhongwa
Wadau, habari za leo. Nina kuku wa kienyeji kumi na tano kwenye uwanja wa wavu nyuma ya nyumba, hapa Mwanza, na kibustani cha mchicha na matembele. Maganda ya ndizi na viazi, majani ya mwembe na magugu yanarundikana kila wiki. Nafikiria kumwaga vyote uwanjani kuku wachakure, au rundo nje ya wavu, au shimo. Uwanja uko kwenye mteremko na chini yake kuna jirani. Ipi inafaa?

MamaMchicha_Igoma
Mwaga uwanjani, mwanangu. Tandika kwanza maranda na majani makavu mpaka yapite kifundo cha mguu, ndipo uanze kumwaga ya jikoni. Mimi namwaga ndoo asubuhi, ikifika jioni wameshaitawanya, wadudu wameliwa na reki sijaishika. Ila chakula chao cha kila siku usipunguze, maganda hayatoi yai.
Shimo achana nalo. Masika likijaa maji litanuka mtaa mzima.

Mkulima_Ilemela
Shikamoo mama. Nakubali kuhusu shimo, ila uwanja peke yake haumalizi kazi. Kuku wanatawanya, kwa hiyo joto halipandi, na bila joto vimelea, mayai ya minyoo na mbegu za magugu vinabaki hai. Mimi nasomba ya uwanjani, najenga rundo nje, si chini ya mita 1 kwenda juu na kila upande, nafunika turubai. Katikati panatakiwa pafike nyuzi joto 55 na pakae hivyo siku 3 au zaidi, kisha unageuza ili ya pembeni nayo iingie ndani.

Halafu kinyesi cha kuku kina nitrojeni nyingi mno: kaboni ni kama 10 kwa 1 ya nitrojeni, wakati rundo linataka 25 hadi 30. Ile harufu inayowasha macho ndiyo mbolea yenyewe inaruka hewani. Zidisha maranda, makapi ya mpunga, mabua. Unyevu upime kwa mkono: kamata konzi moja, kamua, yakitoka matone mawili matatu pametosha.

MamaMchicha_Igoma
Marahaba. Hapo kwenye joto umenena. Ndiyo maana ile ya uwanjani naipeleka kwenye migomba na mipapai tu, mchicha siuwekei.

Kijana_Kirumba
Vipi magugu maji? Huku ufukweni yamejaa. Na vichwa vya sato?

Mkulima_Ilemela
Magugu maji yanafaa sana, ila yaanike kwanza, yamejaa maji. Usichukue karibu na midomo ya mitaro wala Mto Mirongo unapoingia ziwani, mmea huu unanyonya metali nzito. Na usiingie majini miguu mitupu, kichocho kipo. Vichwa vya sato chemsha, ponda, wape kuku kidogo. Kwenye rundo vinaita panya, kenge na vicheche, na kicheche akishazoea njia hataishia kwenye rundo.

Afisa_Mifugo_Mstaafu
Msimwage uwanjani maganda na kokwa za parachichi, viazi vyenye ukijani, maharage mabichi, maganda ya muhogo mchungu, wala ugali wenye ukungu. Na hili nawasihi: manyoya na utumbo wa kuku wa kununua visiingie humo kabisa. Mdondo (kideri, yaani Newcastle) huingia bandani kwa njia hiyo. Chanjo yake ni I-2, tone moja jichoni, kila miezi 3.

Mfugaji_Buhongwa
Asanteni sana. Basi nitaanzia uwanjani, nimalizie nje. Na mteremko?

Mkulima_Ilemela
Mawe Mwanza hatununui, mkuu. Panga kinga upande wa chini ya uwanja, na upande wa juu chimba mfereji maji ya mvua yapite pembeni. Rundo liweke sehemu tambarare, mbali na kisima.

MamaMchicha_Igoma
Maranda waombe mafundi seremala, wengi wanatoa bure. Uliza kwanza kama mbao zimetiwa dawa. Kama zimetiwa, waachie.