Ati "mama, kuja na mzee"?? Huyu fundi wa fenibelti wa Nakuru amenizoea sana

MamaFielder:
Nimefika tu saa hii na bado mikono inatetemeka kwa hasira, kwa hivyo spelingi mtavumilia. Huyu fundi mnamjua nyote wa Nakuru, sitaji jina, yule wa ovaroli iliyokuwa bluu enzi za Moi, ukipita tu anaanza "madam madam hiyo gari inalia." Ndio huyo huyo.

Toyota Fielder yangu ilikuwa inapiga kwiiii nikiwasha asubuhi mpaka ploti nzima inaamka, watoto wa jirani waliacha kutumia alamu. Nikampelekea. Akafungua boneti, akaangalia feni belti dakika moja hivi, akasema imekwisha, 3,500 belti na kazi yote. Nikalipa. Nikaenda kunywa chai, kurudi naambiwa tayari, kelele hakuna kabisa, nikafurahi mjinga wa watu.

Sasa leo niko njiani kuenda Kisumu, Kericho mvua ikanyesha ile ya kwao ya mchana. Kidogo kwiiiiii, taa ya betri ikawaka, mshale wa temperecha ukaanza kupanda mlima. Nikasimama kando ya majani chai nikafungua boneti. POVU. Jamani povu kwa puli, povu kwa alteneta ile ya kuchaji betri, ungekuwa na nguo chafu ungeleta tu. Alipaka sabuni! Kipande ya sabuni ya kufulia! Na belti ni ile ile yangu ya zamani, kwa ukingo kuna mkato mdogo saizi ya kucha ambao niliupiga picha kabla sijampelekea. Picha ninayo.

Nimegeuza nikarudi polepole, nasimama kila saa ipoe, nikamwekea simu usoni na hiyo picha. Kuna wateja hapo, kuna mama wa chapati, kuna vijana wa boda. Akaangalia picha, akaangalia mimi, akapanguza mikono akasema: "Mama, hii mambo ya injini kuja na mzee tuongee."

KUJA. NA. MZEE.

Mzee gani? Gari nimenunua mimi, logibuku iko na jina langu, huyo mzee mwenyewe hajui boneti inafunguliwa upande gani! Na wale vijana wa boda wakacheka! Sabuni ningesamehe, 3,500 labda pia ningesamehe, lakini kuja na mzee?? Sirudishiwi pesa, naambiwa nikaitane bwana. Aki huyu mtu.

BudaWaLanet:
Hahaha "kuja na mzee." Ulienda na mzee lakini? 😂

MamaFielder:
@BudaWaLanet wewe ndio yule kijana wa boda aliyecheka, nakujua.

Section58_Original:
Huyo namjua. Mimi aliniambia Fielder yangu inataka timing belti mpya, ile ya ndani ya injini si feni belti, haraka kabla injini ife, elfu kumi na mbili. Fielder ya injini ya 1NZ haina timing belti bana, iko na CHENI. Nilimuuliza hiyo belti ataifunga wapi, kiunoni?

Spana_Kumi:
Mimi ni fundi na sabuni ni ushenzi, inanyamazisha siku mbili halafu belti inateleza zaidi. Kwa hiyo injini belti ndio inazungusha alteneta, pampu ya maji na kompresa ya AC, ndio maana taa ya betri na temperecha vilikuja pamoja. Belti ikilia mwagia maji kidogo kwa mbavu, ile mistari ya upande wa ndani wa belti, injini ikiwa imewaka, mkono mbali. Kelele ikipotea halafu irudi, kuna puli haijanyooka. Kelele ikizidi, belti inateleza, angalia tensheni, yaani vile imekazwa. Na msidanganywe ati haina nyufa kwa hivyo ni nzima, za siku hizi zinaisha mpira pole pole kama tairi. Pia zima gari, toa belti, zungusha kila puli na mkono, beringi ikikwaruza hata belti mpya italia.

MamaFielder:
@Spana_Kumi asante lakini uliskia alisema nije na mzee?

Spana_Kumi:
Nimeskia madam. Next time nunua belti mwenyewe, namba imeandikwa kwa mgongo. 6PK ni mbavu sita, zile zinafuata ni urefu kwa milimita. Na ya zamani uende nayo nyumbani.

NyarKondele:
Nakuru mnateseka bure, leteni magari Kisumu.

Section58_Original:
Kisumu?? Huko nilipeleka gari kuoshwa, nikarudishiwa kiti kimesukumwa nyuma mpaka nikidhani nimerefuka, redio imebadilishwa stesheni, na sarafu zote za kulipa parking zimeenda.

NyarKondele:
Sarafu ndio unalilia? Acha umaskini.

BudaWaLanet:
Hao wa kuosha ni wote, hata Nakuru. Mimi walichukua chaja ya simu wakaniachia ingine haichaji.

Omwami_Kak:
Afadhali nyinyi. Huku Kakamega waliniwekea maji kwa injini wakisafisha, gari ikakaa kwa mawe wiki mzima. Nikiwauliza wananiambia mzee gari ilikuja ikiwa mgonjwa.

MamaFielder:
Uzi ni wa fundi jameni. Alisema KUJA NA MZEE.

NyarKondele:
@Omwami_Kak hiyo ni maji kwa koili za plagi, waambie wapulize na kompresa. Na walikuoshea kapeti ama walipaka maji tu?

Omwami_Kak:
Kapeti hata si yangu walirudisha. Mwenye Premio aliyepoteza mkeka mwekundu wa mbele upande wa dereva nitumie inboksi, halafu kama uko na wangu wa kijivu nirudishie, hata ukiwa na matope.

BudaWaLanet:
Mkeka wa kijivu uko na shimo ya kisigino?

Omwami_Kak:
EEH! Uko wapi wewe??